Tairi Lililopasuka Usilitupe: Hatua za Kudai Haki Baada ya Ajali

Shemeji yangu alipinduka na Noah pale Kikatiti, akitokea Moshi na abiria sita. Tairi la nyuma kushoto, alilolinunua wiki sita nyuma kwa bei ya jipya, lilibanduka ngozi yote zikabaki waya. Hakufa mtu. Abiria mmoja alivunjika nyonga, na Noah yenyewe ikaishia kuuzwa kwa kilo. Alipokuja kwangu kuomba ushauri, miezi miwili ilikuwa imepita. Nilimuuliza jambo moja tu: tairi liko wapi?

"Shemeji, si lilishapasuka? Nilimwachia yule mzee wa katambuga pale stendi. Alinipa elfu tano."

Kesi ikawa imekwisha hapo hapo. Mahali fulani Meru kuna watu walikuwa wanatembea na ushahidi wetu miguuni.

Nimefanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili hapa Arusha. Faili za namna hii nilizozifungua ni nyingi kuliko nilizoziona zikishinda, na nyingi ya zilizoanguka zilianguka siku tatu za kwanza, kabla mwenye madai hajakanyaga ofisini kwetu. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye mambo ya mwanzo. Ya mahakamani wakili wako anayajua. Tairi hatakuwa nalo usipompelekea.

Kabla ya yote: "kupasuka" si sababu

Ukiandikiwa kwamba chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi, usikubali kwamba habari imeishia hapo. Watu wetu wakisikia hivyo huinua mikono: kazi ya Mungu, nani wa kumlaumu? Lakini tairi halipasuki bure. Huenda lilitoka kiwandani ngozi haijashikana vizuri na mikanda ya waya. Huenda lilikaa stoo miaka minane likauzwa kama jipya. Huenda ni mtumba uliochongwa kashata, yale meno ya kukanyagia, ukapakwa dawa uking'ara. Huenda fundi pancha aliziba tundu la ubavuni, mahali pasipozibwa. Huenda upepo ulikuwa mdogo na mzigo mkubwa, na hapo kosa ni la mwenye gari. Kila sababu ina mtu wake wa kudaiwa, na baadhi yake zinakugeukia wewe.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo mawakili hupenda kuitaja, Barkway dhidi ya South Wales Transport, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya huko mwaka 1950. Basi lilipasuka tairi, likakatiza barabara na kuporomoka. Kampuni ikajitetea kwamba tairi lilikuwa na ufa wa ndani usioonekana kwa macho. Majaji wakawajibu kwamba ufa wa namna hiyo huletwa na kugonga kitu kwa nguvu, nanyi hamkuwa na utaratibu wa kuwataka madereva wenu watoe taarifa tairi linapogongwa. Kampuni ikashindwa. Uamuzi huo hauzibani mahakama za Tanzania, lakini huzishawishi, na fundisho lake lina faida kwa abiria: mwenye gari hajitoi kwa kusema tu "lilipasuka". Aeleze alilitunzaje.

Hatua ya 1: Pale barabarani

Majeruhi kwanza. Namba ya dharura ni 112. Fomu ya PF3 ya polisi itahitajika kwa matibabu na baadaye kwa madai, kwa hiyo hakikisha kila aliyeumia ana yake, hata yule anayesema "mimi mzima" huku ameshika mbavu.

Ukiwa na nguvu ya kushika simu, au ukimpata mtu wa kukushikia, piga picha kabla bredauni haijafika. Piga gari kwa pande zote, alama za tairi kwenye lami, mahali ringi ilipochimba, na tairi lenyewe kwa karibu na kwa mbali. Kisha tembea kurudi nyuma ulikotoka. Ngozi ya tairi ikibanduka huanza kumwaga vipande kabla gari halijapoteza mwelekeo, na kipande kilichodondoka mita hamsini kabla ya pale gari lilipolala kinaeleza mengi kuliko maneno ya mashahidi kumi. Kipige picha pale kilipo, halafu kiokote. Usiwaachie watoto.

Kama wewe ni abiria, tunza tiketi, na piga picha namba ya gari na stika ya bima. Chukua namba za simu za abiria wenzako wawili watatu. Kesho yake kila mtu atakuwa kwao, mmoja Rombo mwingine Karatu, na hutawapata.

Picha ziache kwenye simu iliyozipiga. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, ila utaulizwa umepatikanaje na umehifadhiwaje. Picha iliyorushwa kwenye makundi matatu ya WhatsApp imeshabanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Usije ukauza simu hiyo kabla ya kesi kwisha.

Hatua ya 2: Tairi

Sikiliza hapa vizuri.

Tairi libaki kwenye ringi yake. Usimruhusu fundi alivue, kwa sababu mshiko wa tairi na ringi ni sehemu ya ushahidi, na vyuma vya kuvulia huacha makovu ambayo wakili wa upande wa pili atasema ndiyo yaliyolipasua. Usilioshe. Usikate kipande cha kumwonyesha mtu. Litie kwenye kiroba pamoja na vipande ulivyookota, andika tarehe na mahali, na uliweke ndani pasipopigwa na jua. Anayelipokea, awe mjomba au mlinzi, aandike jina lake na tarehe kwenye daftari. Siku ya kesi utaulizwa tairi hili limepita mikononi mwa nani tangu ajali, na jibu la "lilikuwa tu pale nyumbani" halitoshi.

Matairi mengine matatu nayo usiyauze haraka, hasa yaliyonunuliwa siku moja na hilo. Mtaalamu atataka kulinganisha.

Sasa lisome. Ubavuni kuna herufi DOT na mfululizo wa herufi na namba. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Wakati mwingine tarehe hiyo iko upande mmoja tu, ule uliogeukia ndani, kwa hiyo chungulia pande zote mbili. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi lisivuke miaka 10 tangu litengenezwe hata kama kashata bado ni nzima. Umri peke yake si kasoro. Lakini tairi la 2016 ulilouziwa mwaka 2024 kama "jipya kutoka kontena" linaanza kuzungumza.

Karibu na ukubwa kuna namba ya uwezo wa kubeba. Tairi la Noah lililoandikwa 195/65R15 91 linabeba kilo 615. Tairi la Hiace lenye 107 linabeba kilo 975. Ringi zote ni za 15, na wapo wauzaji watakaokufungia la kwanza kwenye kifodi cha abiria bila kupepesa macho. Hapo tairi linaweza kuwa halina kasoro yoyote ya kiwandani na bado muuzaji akawa na kesi ya kujibu, kwa sababu amekuuzia kitu kisichofaa kwa kazi uliyomweleza.

Namba nzima ya DOT ina kazi nyingine. Mwanzoni mwake kuna alama ya kiwanda. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 huko Marekani kwa sababu ya ngozi kubanduka, na alama za namna hiyo ndizo zilizomwezesha mwenye gari kujua kama lake lilitoka kiwanda cha Decatur, Illinois, kilicholalamikiwa zaidi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huorodhesha kwenye tovuti yake matairi yaliyorudishwa. Kama lako ni chapa inayouzwa pia huko, kuangalia ni bure. Ukilikuta kwenye orodha, nusu ya kazi ya wakili wako imefanyika.

Waliokulia Arusha wanaikumbuka General Tyre. Kiwanda kile kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Enzi zake ungeweza kutembea kwa miguu hadi kwa mtengenezaji ukamgongea geti. Siku hizi tairi jipya la dukani limetoka ng'ambo, na aliyelitengeneza yuko mbali. Hilo tutalirudia.

Hatua ya 3: Polisi

Gari litavutwa kituoni na mkaguzi wa magari wa polisi atalikagua. Uwepo. Mweleze kwa adabu: "Afande, naomba ripoti itaje tairi lipi lilipasuka, na namba iliyo ubavuni mwake." Ripoti inayosema "tairi bovu" tu inaweza kumaanisha tairi lililotoka kiwandani na kasoro, au tairi kipara la mwenye gari asiyejali. Unataka maneno yanayotofautisha: kashata zilibaki kiasi gani, ngozi imebanduka au ubavu umepasuka, kuna pancha iliyozibwa au hakuna. Gari likiwa kituoni usichomoe kitu bila ruhusa. Likiachiwa, tairi liwe la kwanza kutoka.

Omba nakala ya ripoti ya ajali, ya ukaguzi wa gari na ya mchoro wa eneo. Bima watazitaka zote.

Kwa dereva nina neno zito. Ukishtakiwa kwa uendeshaji wa uzembe utaambiwa, pengine na mtu anayekutakia mema, "kiri tu, ni faini, uende zako." Usikiri ili kuokoa muda. Kwa Sheria yetu ya Ushahidi, hukumu ya jinai iliyokuwa ya mwisho huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Ukishakiri kwamba ulipindua gari kwa uzembe wako, utamwambiaje hakimu wa madai kwamba lililopindua gari ni tairi? Tafuta wakili kabla ya kusomewa shtaka.

Hatua ya 4: Jua unayemdai

Abiria au mpita njia ana nafasi nzuri kuliko wote. Hakununua tairi wala hakujaza upepo. Anamdai mwenye gari kwa uzembe, na nyuma ya mwenye gari kuna bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, ile tunayoiita bima ndogo. Anaweza pia kumuunganisha aliyeuza tairi. Kwa kawaida kampuni ya bima haishtakiwi moja kwa moja. Unamshtaki mwenye bima, kisha kampuni inalipa hukumu. Kwa sababu hiyo ipe kampuni taarifa kwa maandishi kabla hujafungua kesi, isije ikasema haikujua.

Dereva aliyeajiriwa ana mlango wa ziada ambao wengi hawaujui: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko huhitaji kuthibitisha kosa la mtu, unathibitisha tu kwamba uliumia kazini. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku saba. Shida ni deiwaka, dereva wa kibarua asiye na karatasi yoyote. Kama ndiye wewe, kusanya mashahidi wa stendi na miamala ya simu ya hesabu uliyokuwa ukimpelekea bosi.

Mwenye gari aliyenunua tairi anamdai muuzaji kwa mkataba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka sharti, hata kama halikutamkwa, kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Uzuri wake ni kwamba hulazimiki kuonyesha muuzaji alizembea. Aliuza kibovu, basi. Lakini lazima uonyeshe kwamba ni yeye aliyekuuzia, na hapo risiti ya EFD ina thamani kuliko ile punguzo ya elfu kumi uliyopewa ili usiidai. Huna risiti? Tafuta muamala wa simu, ujumbe wa bei, aliyekuwa nawe siku hiyo. Ni ngumu, ila nimeona ikifanyika.

Mtengenezaji aliye ng'ambo unaweza kumshtaki kwa uzembe hata kama hamkuwa na mkataba. Msingi wake ni kesi ya mwaka 1932 ya yule mama wa Uskochi, Donoghue, aliyekuta konokono kwenye chupa ya kinywaji alichonunuliwa na rafiki yake. Kwa maneno, haki hiyo unayo. Kwa vitendo, kumfikishia wito mtengenezaji aliye nchi ya mbali na kukazia hukumu huko ni safari ambayo wengi hawaimalizi. Ushauri wangu: mtafute mwagizaji aliyeliingiza tairi nchini. Yuko hapa, ana leseni, ana mali. Mtake muuzaji ataje alikolinunua. Akikataa, akiwa mshtakiwa atataja mwenyewe ili asibebe mzigo peke yake.

Na fundi pancha? Anadaiwa kama mtu mwingine yeyote, ila jiulize atalipa na nini.

Hatua ya 5: Bima, na karatasi za kusaini

Mwenye bima kubwa atoe taarifa mara moja na asome anachosaini. Bima nyingi hazilipi tairi lililopasuka lenyewe, zinalipa madhara ya gari. Kampuni ikishakulipa, haki ya kumdai muuzaji wa tairi inahamia kwao kwa kiasi walicholipa. Na ikiwa gari limehesabiwa limeisha, wanachukua mabaki, na tairi ndani yake. Mwambie mkadiria hasara kwa maandishi kwamba tairi ni ushahidi na unalishikilia.

Abiria nao hufuatwa wodini, KCMC au Mount Meru, na karatasi ya "tumeyamaliza" pamoja na bahasha. Mtu ana chuma mguuni, hajui kama atatembea, anasaini laki tatu. Mwambie mleta karatasi arudi ukishatoka hospitali. Anayekutakia haki atarudi.

Kampuni ikizungusha, andika malalamiko kwa TIRA, wasimamizi wa bima, wenye ofisi ya kanda hapa Arusha. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hatua ya 6: Mtaalamu, TBS na FCC

Bila mtaalamu una tairi lililopasuka na hasira. Tafuta mhandisi wa magari aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama huna pa kuanzia, ulizia Chuo cha Ufundi Arusha kwenye fani ya magari. Mtaalamu anasoma tairi kama daktari anavyosoma picha. Lililoendeshwa bila upepo wa kutosha huwa limechakaa mabega yote mawili na lina mviringo uliosagika kwa ndani. Lililogonga jiwe huwa na mpasuko mahali pamoja na mara nyingi ringi imepinda. Kasoro ya kushikana huacha ngozi iliyotoka kwa ukanda mrefu, waya zikionekana. Aandike alichokiona, si alichoambiwa na wewe. Nimewahi kuiona ripoti iliyoanza kwa "mteja amenieleza kwamba", na wakili wa upande wa pili hakuhitaji kusoma zaidi.

Peleka malalamiko TBS, Shirika la Viwango, kama tairi halina ubora, na Tume ya Ushindani, FCC, kama ni bandia au umedanganywa. Wana mamlaka ya kuchunguza na kuzuia bidhaa, na matokeo ya uchunguzi wao yatakusaidia. Ila usiwasubiri wao ndipo ufungue kesi. Saa yako inaendelea kuhesabu.

Hatua ya 7: Saa, barua na mahakama

Madai ya uzembe yana miaka mitatu, ya mkataba miaka sita. Kama mdaiwa ni serikali, lazima kwanza umpe notisi ya siku 90. Ndugu wa marehemu wanayo sheria yao ya kudai kama wategemezi, na wao wasikae hadi arobaini na matanga ya mwaka yapite ndipo waulizie.

Wakili ataanza na barua ya madai, mara nyingi ya siku 14. Mambo mengi humalizikia hapo, hasa mwagizaji akiona namba ya DOT na ripoti ya mhandisi kwenye bahasha moja. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria wapo hadi wilayani, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha.

Kesi hufunguliwa mahali ajali ilipotokea au anapoishi mdaiwa. Kikatiti ni Arumeru, Kwa Sadala ni Hai. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi husikiliza madai ya namna hii hadi shilingi milioni 200, na kinachohesabiwa ni hasara mahususi, si fidia ya maumivu unayoomba. Hasara mahususi lazima itajwe moja moja na kuthibitishwa kwa ukali: dawa, nauli za kliniki, mapato yaliyopotea. Andika daftari tangu siku ya kwanza. "Nilikuwa naingiza kama elfu themanini kwa siku" bila kumbukumbu yoyote huishia kuwa sifuri. Fidia ya maumivu ni hiari ya mahakama. Na ukikutwa nawe ulichangia, labda ulipakia kumi na wanane kwenye gari la kumi na wanne, fungu lako linakatwa.

Kabla ya ushahidi mtapelekwa usuluhishi. Msipopatana, siku yako itafika ya kupanda kizimbani na kulitoa tairi kama kielelezo. Pamoja na ringi ni zito, na mahakama nyingine ziko ghorofani, kwa hiyo nenda na kijana wa kukubebea. Nenda pia na lile daftari la waliolitunza. Karani atalibandika namba, na kuanzia hapo halitoki tena mahakamani bila amri ya hakimu.